Kiyoyozi kwenye pikapu ya zamani: joto linalotolewa ndani linakwenda wapi?

Pikapu za miaka ya 1950, 1960 na mwanzoni mwa 1970 zilitengenezwa kubeba mizigo, na dereva naye alihesabiwa kuwa sehemu ya mzigo. Kebini ilikuwa bati lililopakwa rangi ndani na nje, kioo kipana mbele, kingine kisogoni, kiti kimoja kirefu, na katika baadhi ya modeli tangi la petroli lilisimamishwa nyuma ya kiti hichohicho. Upepo uliingia kwa vidirisha vya pembetatu na kwa matundu yenye vifuniko karibu na miguu. Gari likisimama kwenye foleni saa saba mchana, upepo nao ulisimama.

Siku hizi mwenye Chevrolet C10, Ford F-100, Peugeot 404 au Land Rover ya enzi hizo anaweza kuagiza seti kamili ya AC: kompresa, kondensa, evaporeta yenye feni yake, mipira ya kupitishia gesi, swichi na karatasi ya maelekezo. Kazi inaonekana ni ya bolti na spana tu. Seti inafungwa, kila kinachopaswa kuzunguka kinazunguka, halafu hewa inayotoka ni vuguvugu. Au ni baridi barabarani, lakini kila gari likisimama mshale wa joto la injini unapanda. Lawama zinamwendea mtengenezaji wa seti, au gesi, au fundi aliyeijaza, na mara nyingi wote hao hawana kosa.

AC haitengenezi baridi. Inachukua joto lililomo kebini na kwenda kulitua mbele ya rejeta. Seti unayonunua ni hamali tu: kama mzigo wa ndani unazidi nguvu zake, au akifika nje hana pa kuutua, hata awe hodari kiasi gani atashindwa. Pikapu ya zamani ni dhaifu kote kuwili. Joto linaingia kebini kwa kila tundu, na mbele ya injini hakuna nafasi iliyopangwa kwa ajili ya kutoa joto la ziada.

Presha na joto ni kitu kimoja

Gesi inayotumika katika seti nyingi, R-134a, inachemka kwenye nyuzi joto −26 ikiwa huru katika hewa ya kawaida. Ukiibana, kiwango chake cha kuchemka kinapanda. Kwa takriban psi 28 (paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) kwenye geji inachemka kwenye nyuzi 0. Kwa psi 177 hivi ni nyuzi 50, na kwa psi 230 ni nyuzi 60. Ukizishika namba hizo tatu umeuelewa mfumo mzima.

Kompresa inavuta gesi kutoka kwenye evaporeta, kwa hiyo presha ya huko inashuka na gesi inachemka kwa ubaridi wa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Ili ichemke inahitaji joto, nalo inalichukua kutoka kwenye hewa ya kebini inayopulizwa na feni kupita kwenye mapezi ya evaporeta. Kisha kompresa inaibana gesi hiyo na kuisukuma kwenye kondensa ikiwa ya moto kuliko hewa ya nje. Hapo ndipo siri ilipo: joto haliwezi kutoka kwenye gesi kwenda kwenye hewa ya nyuzi 35 kama gesi yenyewe haijazidi nyuzi 35, tena kwa tofauti ya maana. Gesi inapoza joto lake kwa hewa inayopita, inageuka kimiminika, inapita kwenye draya inayonyonya unyevu, inafika kwenye valvu ya upanuzi iliyo mlangoni mwa evaporeta, presha inaporomoka, na safari inaanza upya.

Kondensa inayopata hewa ya kutosha siku ya nyuzi 35 inaweza kufanya kazi yake kwenye nyuzi 50 hivi. Hewa ikipungua, gesi hailegezi joto mpaka ifike nyuzi 60, au 70, na hapo presha inakaribia psi 300. Kompresa inabana kwa nguvu zaidi, injini inaelemewa, gesi inayorudi ndani inabeba joto kidogo kuliko mwanzo. Ndiyo maana geji ya upande wa presha ya juu, kwa maoni yangu, inaeleza habari za upepo kabla ya kueleza habari za gesi. Mafundi wengi wanaisoma kinyume.

Kuna jambo jingine linalosahaulika kwa sababu halionekani kwenye geji. Evaporeta haipozi hewa pekee, inakausha pia. Kila lita ya maji inayodondoka chini ya gari imeacha karibu kilojuli 2,500 za joto kwenye mapezi ya evaporeta, na joto hilo lote limetumia uwezo wa AC bila kushusha nyuzi hata moja ya hewa unayoihisi usoni. Hewa yenye unyevu ikiendelea kuingia kutoka nje, AC itatumia siku nzima kukamua maji.

Gesi gani

Magari ya kwanza kuuzwa na AC ya kiwandani yalikuwa Packard ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa miongo mingi baada ya hapo gesi ilikuwa R-12. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoharibu tabaka la ozoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vikahamia R-134a. Hii haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake angani inahesabiwa kuongeza joto la dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksaidi, na ndiyo sababu magari mapya mengi sasa yanatumia R-1234yf. Seti za pikapu za zamani bado nyingi zimepangwa kwa R-134a. Fuata iliyoandikwa kwenye seti. Valvu, mafuta na mipira vimechaguliwa kwa gesi hiyo.

Tofauti moja ya R-12 na R-134a inamhusu sana anayetaka kufufua AC ya kizamani iliyokuwa tayari ndani ya gari. Kwenye joto kali R-134a inakuwa na presha kubwa kuliko R-12, na molekuli zake ni ndogo zaidi. Kondensa ya zamani yenye bomba moja linalojipinda kama nyoka, ambayo iliitosheleza R-12, huanza kuonekana ndogo. Mipira ya zamani isiyo na tabaka la nailoni ndani inavujisha polepole. Mafuta ya madini yaliyolainisha kompresa hayachanganyiki na R-134a, kwa hiyo yanabaki yamelala kwenye mabomba na kompresa inasaga kavu. Inahitaji mafuta ya aina ya PAG au esta. Ukihesabu vyote hivyo, mara nyingi kilichobaki cha thamani kwenye mfumo wa zamani ni vishikio tu.

Kuhusu propani na butani, ambazo hupozesha vizuri na hupatikana kirahisi: evaporeta iko ndani ya kebini, pamoja na swichi zinazotoa cheche na, kwenye pikapu nyingine, tangi la petroli. Uvujaji mdogo unatosha kuwasha moto. Sizifikirii kabisa.

Mbele ya injini

Hapa ndipo pesa na akili vinapaswa kwenda kwanza, kabla hata ya kuchagua matundu ya hewa ya dashibodi.

Kondensa inakaa mbele ya rejeta. Hewa iliyokuwa ikifika kwenye rejeta ikiwa na nyuzi 35 sasa inafika imeshapashwa joto na kondensa, ambayo inatoa joto lote la kebini pamoja na kazi yote ya kompresa. Wakati huohuo injini inazungusha kitu cha ziada. Kama rejeta yako ilikuwa inamudu kwa shida bila AC, haitamudu nayo. Anza na kipimo: endesha gari siku ya joto, simama na injini ikiwa silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa dakika 20, uone mshale unafika wapi. Ukipanda bila AC, tatizo la kwanza si AC.

Rejeta ya zamani yenye nusu ya mabomba yake yaliyoziba kwa kutu na chumvi ya maji inaweza kuonekana nzima kwa nje. Kuisafisha au kubadilisha kitovu chake ni kazi ya kawaida kwa mafundi wa rejeta, na mara nyingi inatosha. Kuweka rejeta nene ya safu nne kwa kudhani unene ni nguvu kuna mtego wake, kwa sababu feni dhaifu haiwezi kuivuta hewa kupita humo. Eneo la mbele lina thamani kuliko unene.

Halafu kuna kava ya feni. Pikapu nyingi za enzi hizo ziliuzwa bila kava yoyote, feni ya mabapa manne ikiwa imesimama peke yake, vidole kadhaa nyuma ya rejeta. Feni ya namna hiyo inazungusha hewa ileile ya moto iliyomo ndani ya boneti. Kava inayofunika uso wote wa rejeta, na feni ambayo nusu ya kina cha mabapa yake imeingia ndani ya kava na nusu imebaki nje, inabadilisha gari kabisa. Ni bati au plastiki tu, haina chochote cha kuharibika, na bado ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi.

Feni za umeme zina nafasi yake. Iliyo nyuma ya rejeta, inayovuta, ndiyo bora. Iliyo mbele ya kondensa, inayosukuma, ni suluhisho la mahali pasipo na nafasi, na gari likiwa kwenye mwendo inakuwa kizuizi. Feni ndogo ya duara iliyobanwa moja kwa moja kwenye mapezi, bila kava, inapoza duara hilo tu.

Kondensa yenyewe iwe ya mikondo sambamba, yaani ile yenye mabomba mengi membamba bapa, iwe kubwa kadiri tundu la mbele linavyoruhusu, na ikae karibu na rejeta bila kuigusa: sentimita moja hivi. Gesi iingie kwa juu, kimiminika kitoke chini. Pembeni, juu na chini, kati ya kondensa, rejeta na bati la mbele, ziba mianya kwa sponji au vipande vya mpira. Hewa ni mvivu. Ikipewa njia ya kuzunguka pembeni haitapita kwenye mapezi, na hewa ya moto ya injini gari likisimama itarudi mbele kwa mwanya huohuo na kupita mara ya pili.

Usiondoe themostati. Desturi ya kuitupa ili "maji yatembee" inaficha ugonjwa bila kuutibu, na injini inayokwenda baridi barabara nzima inachakaa na kula mafuta. Kifuniko cha rejeta kina maana zaidi: chenye presha ya nusu bar juu ya hewa ya kawaida kinasogeza kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzi 111 usawa wa bahari. Ila rejeta na hita iliyozoea kifuniko laini inaweza kupasuka ikipewa kigumu, kwa hiyo ipimwe kwanza.

Joto la ziada ndani ya boneti lina mgonjwa mwingine, petroli. Kwenye kabureta na pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini, petroli inaweza kugeuka mvuke kabla haijafika, na gari likakataa kuwaka baada ya kusimama kidogo. Sogeza bomba la petroli mbali na ekzosi kabla hujaanza kuishuku plagi.

Kompresa na mkanda wake

Zamani ilikuwa York, ya silinda mbili, iliyotetemesha gari zima, au kompresa ndefu za General Motors zenye uzito wa zaidi ya kilo 15. Seti za leo nyingi hutumia Sanden au nakala zake. SD508 ina silinda tano na ujazo wa sentimita za ujazo 138. SD7H15 ina silinda saba na 155, na inakwenda kwa ulaini zaidi. Kwa kebini ya pikapu ya kiti kimoja, yoyote kati yao inatosha. Kompresa kubwa kuliko hiyo haileti baridi zaidi kama kondensa ni ileile, inaleta presha tu.

Kinachoumiza hapa ni kishikio. Kompresa inashika na kuachia maelfu ya mara, kila mara ikipiga kishikio kama nyundo. Bati jembamba lililochomelewa kwa haraka litapasuka, na kabla ya kupasuka litayumba, mkanda utapiga kelele, utaruka. Puli zote zilizo kwenye mkanda mmoja lazima zikae kwenye mstari mmoja. Weka rula ndefu au uzi uliokazwa usoni mwa puli uone. Tofauti ya milimita mbili tatu inatosha kula mkanda. Kama puli ya mbele ya injini ina mfereji mmoja tu, ambao tayari unazungusha feni, pampu ya maji na jenereta, tafuta puli ya mifereji miwili. Usiubebeshe mkanda mmoja wote hao.

Injini ndogo, hasa za lita moja na nusu kushuka chini, zitahisi kompresa ikishika. Silensa itashuka, pengine gari lizime. Kifaa kidogo kinachosukuma wenzo wa kabureta kila AC inapowaka kinarekebisha hilo vizuri kuliko kuipandisha silensa moja kwa moja.

Umeme, na hapa wengi huumia

Klachi ya kompresa (sumaku inayoishika na kuiachia) inakula takriban ampea 4. Feni ya ndani ikiwa kwenye mwendo wa juu inaweza kufika 15 hadi 20. Feni ya umeme ya mbele, kama ipo, ampea nyingine 15 au zaidi, na inapoanza kuzunguka inavuta kwa kishindo kuliko hapo. Ongeza taa kubwa, ampea 9 au 10, na wipa, kwa sababu mvua ya usiku ndiyo saa ambayo vioo vinahitaji hewa kavu ya AC kuliko wakati wowote. Umeshapita 40.

Jenereta za kizamani zilitoa ampea 20 hadi 35 hivi, tena injini ikiwa mbio. Kwenye silensa zinatoa kidogo sana au hazitoi kitu, na ni kwenye silensa ndipo AC inapohitaji feni zote. Betri inajaza pengo kwa muda, kisha kesho asubuhi gari haliwaki. Alteneta ya ampea 60 au zaidi ni sehemu ya kazi ya AC, hata kama haimo kwenye seti.

Ford na Chevrolet zilihamia volti 12 katikati ya miaka ya 1950. Pikapu ya kabla ya hapo ni ya volti 6, na klachi ya kompresa pamoja na feni ya evaporeta ni za volti 12, kwa hiyo hakuna njia ya mkato: mfumo mzima ubadilishwe. Baadhi ya magari hayo, pamoja na Land Rover za mwanzo, yalifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi. Injini ya feni inaweza kuvumilia kinyume, ila vidhibiti vya kisasa vyenye elektroniki vitaungua mara moja.

Umeme wa AC usipite kwenye swichi ya ufunguo wala kwenye waya za zamani zilizofungwa kitambaa. Chukua waya mnene moja kwa moja kutoka betri au alteneta, weka fyuzi karibu na chanzo, pitisha kwenye relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo, na swichi ya dashibodi iamuru relei tu. Rudisha pia upande hasi kwa waya halisi. Bolti yenye kutu na rangi kati ya kebini na chesisi inaiba volti, na feni inayopata volti 10 inapuliza kwa unyonge mpaka mtu aanze kudhani evaporeta ni ndogo.

Swichi ya presha iunganishwe hata kama gari "linafanya kazi bila hiyo". Inazima klachi presha ikishuka mno, yaani gesi imevuja na mafuta hayazunguki tena, au ikipanda kupita kiasi. Aina yenye hatua tatu inawasha pia feni ya mbele.

Ndani ya kebini

Uchaguzi wa kwanza ni kati ya boksi linaloning'inia chini ya dashibodi na mfumo unaojificha nyuma yake, wenye hita humohumo. Wa pili unapendeza na unapeleka hewa kifuani na kwenye kioo. Lakini dashibodi za pikapu za zamani ni chuma kilichopakwa rangi, na tundu ukishalikata umelikata. Kwa gari lenye dashibodi ambayo haijaguswa ningefunga boksi la chini na kuvumilia magoti kubanwa, kwa kuwa siku moja linaweza kuondolewa likabaki na matundu manne ya skurubu. Kwa gari ambalo tayari limekatwa kwa ajili ya redio na spika, hoja hiyo haina nguvu.

Seti nyingi za aina hii hazichukui hewa ya nje kabisa. Zinazungusha ya ndani. Ni uamuzi mzuri, mradi hewa ya nje isiingie kwa njia nyingine. Tundu la hewa mbele ya kioo, vifuniko vya miguuni, matundu ya pedali, ya usukani, ya waya za zamani zisizotumika, mpira wa gia, mipira ya milango iliyokauka. Njia rahisi ya kuyaona ni kuweka taa kali ndani ya kebini usiku, kuzima kila kitu nje, na kulizunguka gari. Kila unapoona mwanga, hewa ya moto inapita. Kwa upande wa injini, fungua boneti uutafute mwanga humo.

Adui mkubwa kuliko wote ni hita. Valvu ya maji ya hita kwenye gari la miaka hamsini mara nyingi haifungi sawasawa, au haikuwepo tangu mwanzo. Maji ya nyuzi 80 na kitu yanapita ndani ya boksi lilelile, vidole viwili kutoka kwenye evaporeta, na AC inapoza kwa mkono mmoja huku hita ikipasha kwa mwingine. Kipimo chake hakigharimu kitu: bana mpira wa hita kwa koleo la kubania mipira, subiri dakika kumi, shika hewa. Ikiwa imepoa ghafla, umempata mwizi. Funga valvu mpya inayofunga kabisa.

Kisha paa. Jua la mchana kwenye anga safi linaleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paa la bati lililo sentimita chache juu ya kichwa linalipitisha joto hilo bila ubishi. Watu hununua mikeka mizito ya lami yenye karatasi ya alumini na kuibandika kila mahali. Mikeka hiyo inaua mtetemo na kelele, na kwa kazi hiyo inastahili sifa, lakini kwa kuzuia joto si kitu. Kinachozuia joto ni sponji yenye vinyweleo vilivyofungwa, isiyonyonya maji, ya milimita 6 hadi 10. Karatasi inayong'aa inarudisha joto pale tu ambapo mbele yake kuna nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya bati na zulia inakuwa chuma cha kupitishia joto. Anza na bati linalotenganisha injini na kebini, sakafu iliyo juu ya ekzosi na giaboksi, kisha paa. Milango inaweza kusubiri.

Maji ya evaporeta yanahitaji mpira wa kutokea unaoteremka mfululizo hadi chini ya gari. Ukipanda hata kidogo njiani, maji yatasimama, kisha yatamwagika kwenye sakafu na kuanza kuoza bati unaloliona mara chache zaidi. Waya wa kipimajoto uingizwe kati ya mapezi ya evaporeta kama maelekezo yanavyosema, kwani ndio unaozima kompresa kabla maji hayo hayajaganda kuwa barafu na kuziba njia ya hewa.

Kufunga, kunyonya, kujaza

Mipira ikatwe baada ya kupimwa ikiwa mahali pake, injini ikiwa imefungwa na boneti ikifunguka na kufunga. Kabla ya kubana vichwa vyake, chora mstari unaovuka kichwa na mpira ili pembe isipotee mezani. Oringi (mipira ya duara ya kuzibia maungio) zipakwe mafuta ya AC, nati zikazwe kwa spana mbili. Draya ifunguliwe mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kuanza kunyonya hewa, kwa sababu chembe zake zinanyonya unyevu wa hewa ya kawaida na zikishashiba hazina kazi.

Pampu ya kunyonya haiondoi hewa tu, inachemsha maji yaliyojificha. Kwenye nyuzi 25 maji huchemka presha ikishuka hadi kama asilimia 3 ya hewa ya kawaida, kwa hiyo pampu dhaifu au dakika kumi za haraka hazifiki huko. Dakika 45 ni mwanzo mzuri. Kisha funga valvu na uangalie kama mshale unabaki ulipo. Unyevu ukibaki unagandisha barafu kwenye valvu ya upanuzi, na baadaye unatengeneza asidi inayokula mfumo kutoka ndani. Kutafuta uvujaji kwa presha kufanywe kwa naitrojeni kavu. Oksijeni ikikutana na mafuta inaweza kulipuka, na hewa ya kompresa ya gereji ina maji, tena mchanganyiko wake na R-134a chini ya presha unaweza kuwaka.

Gesi ijazwe kwa mizani. Seti nyingi za pikapu zinachukua kama gramu 800, na karatasi ya seti ndiyo ya kufuatwa. Kujaza kwa kuangalia mapovu kwenye kioo cha draya kulifaa kwa R-12. Kwa R-134a kunamfanya fundi apitilize. Gesi ikizidi, kimiminika kinajaa sehemu ya chini ya kondensa, eneo la kupozea linapungua, na presha inapanda bila baridi kuongezeka. Vaa miwani, na kopo la gesi lisiunganishwe kamwe upande wa presha ya juu injini ikiwaka, kwa sababu presha ya mfumo itarudi ndani ya kopo na kulipasua.

Baada ya hapo injini izunguke mizunguko 1,500 kwa dakika, milango ifungwe, kipimajoto kiwe kwenye tundu la katikati. Siku ya nyuzi 30 na kitu, hewa ya kati ya nyuzi 5 na 10 ni kazi nzuri. Kama hewa ni vuguvugu na geji ya juu imepita psi 300, usiguse kopo la gesi. Chukua mpira wa maji, nyunyizia kondensa kutoka mbele. Presha ikishuka haraka na hewa ikapoa papo hapo, gesi yako haina shida na kompresa haina shida. Rudi kwenye kava ya feni na mianya ya pembeni mwa rejeta. Ikishuka kidogo tu kisha ikapanda tena, pima upya uzito wa gesi, au nyonya tena kutoa hewa iliyobaki ndani. Na kama presha zote mbili ni za kawaida, maji yanadondoka chini, na bado unatoka jasho, nenda kaubane ule mpira wa hita.